Mwalimu wa Lamu anauliza: niandike hadharani kila ninachokifanya kwenye seva zangu za nyumbani?

Swali: Asalaam alaikum, fundi. Mimi ni mwalimu wa kompyuta kisiwani Lamu, nakaa Langoni. Nimepata kompyuta ndogo ya ex-UK yenye RAM ya GB 16, na laptop kuukuu ambayo skrini yake imepasuka lakini ndani ni nzima. Nimeziunganisha kwenye rauta, nimeweka mfumo wa Linux uitwao Debian, na kila Jumamosi wanakuja wanafunzi wangu wanne wa shule ya upili, tunajifunza usimamizi wa seva, kompyuta zinazozihudumia nyingine. Nataka yote tunayoyafanya niyaandike mahali pa wazi, mtu yeyote asome bure, kwa sababu mimi mwenyewe nilitafuta maelezo ya Kiswahili nikakosa. Kaka yangu anasema nitakuwa nawaonyesha wezi mlango. Mimi naogopa jingine: wanaojua kunizidi watasoma makosa yangu. Je, niandike? Niandike nini, nifiche nini?

Jibu: Wa alaikum salaam, Mwalimu. Andika. Kaka yako ana hoja na nitamjibu kwa kirefu, maana mwenye nyumba hakosei akiuliza habari za mlango. Lakini nianze na hofu yako wewe. Kwa miaka kumi na saba niliyosimamia seva za hoteli na shule hapa Malindi, nimeona madaftari mengi ya namna hiyo yakianzishwa na kufa, na hakuna hata moja lililouawa na mwizi. Yote yalikufa kwa sababu mwenye daftari aliona haya.

Mwaka 1969 vijana wachache, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, walikuwa na kazi ya kuzifanya kompyuta za aina mbalimbali zielewane katika mtandao wa ARPANET. Hapakuwa na mtu wa kuwaambia namna. Mmoja wao, Steve Crocker, tarehe 7 Aprili mwaka huo alitoa waraka wa kwanza wa kueleza walichokuwa wamekifikiria, na kwa kuogopa kuonekana wanajipa ukubwa, nyaraka zile wakaziita Ombi la Maoni. Ndizo hizo RFC (Request for Comments) ambazo mpaka leo zinabeba kanuni za intaneti. Waraka wa tatu, uliotoka mwezi huohuo, uliweka masharti ya uandishi, na kila nikiyasoma nafurahi: bora waraka uwahi kuliko upendeze, swali lisilo na jibu linaruhusiwa, na urefu wa chini kabisa ni sentensi moja. Kwa hiyo ukiandika leo, "Rauta imekataa kuipa laptop anwani, nimeizima na kuiwasha imekubali, sababu siijui," umetimiza masharti ya watu walioanzisha haya tunayoyasimamia. Wanaojua kukuzidi watasoma, ni kweli. Wengi wao watakwambia sababu.

Sasa nikueleze kwa nini nasema uandike hadharani, si kwenye daftari la kabatini.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia seva ya hoteli moja ya ufukweni. Orodha za wageni, hesabu, mishahara, vyote vilikuwa kwenye mashine moja chini ya ngazi. Niliweka diski ya nje ya USB, nikaandika skripti, yaani faili ya amri, ya kunakili kila usiku kwa programu ya rsync, na kila asubuhi nikawa napata ujumbe kwamba kazi imekamilika bila kosa. Miezi kumi na minne. Kisha diski ya ndani ikafa, alasiri moja ya Februari, joto la kaskazi limejaa mpaka ndani ya kabati. Sikushtuka. Niliichomoa diski ya nje, nikaichomeka kwenye laptop yangu mbele ya meneja, nikafungua folda ya chelezo, yaani ya nakala ya akiba. Faili ya mwisho ilikuwa ya miezi kumi na mitatu nyuma.

Kilichotokea ni hiki. Katika Linux, diski ya nje unaipachika kwenye folda, tuseme /mnt/chelezo. Folda hiyo ipo hata diski isipopachikwa, ila inabaki folda ya kawaida tu ndani ya diski ileile ya mfumo. Mwezi mmoja baada ya kazi yangu, umeme ulikatika. Uliporudi, mashine ikawaka, na kisoma kadi ambacho mtu alikuwa amekichomeka kwa mbele kikalichukua jina sdb, lililokuwa la diski yangu. Diski yangu ikawa sdc. Mimi kwenye fstab, faili inayoiambia mashine ipachike diski zipi na wapi, nilikuwa nimeandika sdb1, tena nikaongeza neno nofail ili mashine isigome kuwaka diski ikikosekana. Basi haikugoma. Haikupachika kitu, ikanyamaza, na rsync ikaendelea kunakili kila usiku kutoka diski ya ndani kwenda diski hiyohiyo ya ndani. Ni kama mchukuzi wa gatini: jahazi halijafika, yeye anaipanga mizigo palepale gatini, na kila asubuhi anakwambia mizigo imepakiwa.

Wahasibu walikaa wiki sita wakiingiza upya risiti za karatasi. Nilikaa nao, usiku na mchana.

Daftari nilikuwa nalo, na nimelitunza hadi leo. Ukurasa wa siku ile una maneno mawili: "Chelezo tayari." Nilijiandikia mwenyewe, na mtu akijiandikia mwenyewe anaruka yote anayodhani anayajua. Laiti ningeliandika kwa mtu nisiyemfahamu, aliyeko Pemba au Bagamoyo, asiyeweza kuniuliza kitu, ningelazimika kumwambia ni diski ipi, mashine inaitambuaje, na mimi nimejuaje kwamba nilichonakili kinarudi. Lile la tatu peke yake lingetosha kuiokoa hoteli, kwa sababu nisingekuwa na jibu.

Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, nenda kwenye mashine yako. Kwenye fstab taja diski kwa UUID yake, namba yake ya utambulisho, ambayo amri ya blkid itakuonyesha, wala si kwa jina la sdb linalohamahama. Na juu kabisa ya skripti ya nakala weka mstari huu: mountpoint -q /mnt/chelezo || exit 1. Maana yake, kama hakuna kilichopachikwa pale, acha kazi na useme umeshindwa. Mstari mmoja. Kuukosa kulinigharimu wiki sita za watu wengine.

Na wala si fundi wa Malindi peke yake. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wa GitLab, kampuni ambayo kazi yake hasa ni kuwatunzia watu programu zao, alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva ambayo siyo aliyoikusudia. Alipotanabahi na kuisimamisha amri, katika GB 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5. Wakakimbilia nakala. Njia tano walizokuwa wamezipanga, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala moja iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Wangeweza kulifunika jambo lile. Badala yake waliziacha wazi kumbukumbu zao wakati uleule wa kuokoa, wakarusha video wakiwa kazini, na baadaye wakaandika maelezo marefu ya kila kilichoharibika na kwa nini. Vijana niliowafundisha kwa maandishi yale hawajasahau. Sura ya kitabu inayosema "chukua nakala mara kwa mara" wameisahau wote.

Sasa ukurasa wenyewe unakaaje. Nitakuandikia mmoja kama ambavyo ningeuandika mimi:

"Nia: folda ya wanafunzi inakiliwe kila usiku saa nane, yaani 02:00 kwa hesabu ya mashine. Kwenye cron, kipanga kazi cha mashine, niliandika 0 2, yaani dakika 0, saa 2. Asubuhi nimekuta nakala imepigwa saa kumi na moja alfajiri. Nikadhani cron imechelewa, nikaianzisha upya. Kesho yake vilevile. Nilipotoa amri ya timedatectl nikaona mashine inafuata UTC, saa ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele. Nimeipa Africa/Nairobi, nikaianzisha cron upya. Usiku uliofuata imeanza saa nane na sekunde moja. Nimefuta faili moja kwa makusudi, nimeirudisha kutoka kwenye nakala, imefunguka. Ukitaka kurudi ulikotoka: timedatectl set-timezone Etc/UTC. Nisichokijua bado: mashine ya pili niliisakinisha kwa njia ileile, mbona yenyewe ilikuja na saa ya Nairobi?"

Tazama, Mwalimu, lile dhana potofu la kwanza nimeliacha ndani. Wengi hulifuta wakishapata jibu, ukurasa ukawa amri tatu safi kama mapishi. Lakini mwanafunzi wako atadhani kilekile nilichodhani mimi, na pale ndipo atakapokuhitaji. Kazi ya msimamizi wa seva, sehemu kubwa, ni kufukuza dhana moja baada ya nyingine mpaka ibaki ya kweli, na hilo halifundishiki kwa kuonyesha mwisho wake tu. Angalia pia nimesema nilivyohakiki, na nimesema namna ya kurudi nyuma. Hayo mawili usiyaache hata siku ukiwa na haraka.

Na hapo kwenye saa patie uzito. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, mashine inahesabu tangu usiku wa manane, na seva nyingi zinakaa UTC. Saa nane yako, 02:00 ya mashine na 23:00 ya UTC ya jana yake ni wakati mmoja. Nimeona mtu akitafuta kosa la usiku kwenye kumbukumbu za mfumo za siku isiyo yake, akaapa kwamba hakuna kitu. Andika zote, ya kwetu na ya mashine, kila mara.

Nije kwa kaka yako.

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kuhusu usalama wa maandishi ya siri ya kijeshi, na jambo moja alilolisema limesimama hadi leo: mfumo usitegemee kufichwa kwa muundo wake, hata ukianguka mikononi mwa adui usilete madhara, siri iwe ni ufunguo. Hapo Lamu hili halihitaji mzungu kulieleza. Mlango wa nakshi umechongwa ili uonekane, uko barabarani, kila apitaye na punda wake anauona ulivyo na komeo lake lilipo. Ufunguo ndio unaofungwa kwenye pindo la leso. Sasa ukiandika kwamba seva yako ni Debian, kwamba unaingia ukiwa mbali kwa SSH kwa kutumia ufunguo wala si nywila, kwamba ukuta wa mtandao (firewall) umefunga milango yote ya mawasiliano (port) isipokuwa miwili, umeuonyesha mlango tu. Kama kuonyesha hivyo kunakutia hofu, tatizo ni mlango, na afadhali ulijue sasa.

Pindo la leso ndilo la kuliangalia kwa makini. Nywila, funguo za siri na tokeni za huduma (misimbo ya kuingilia) visiingie kabisa kwenye maandishi. Viweke kwenye faili ya pembeni, na ukiyatunza maandishi kwa Git, programu inayohifadhi kila toleo, jina la faili hiyo uliandike kwenye .gitignore, orodha ya faili isizozichukua, kabla hata hujaiunda. Nasema kabla kwa sababu ya tabia ya Git: inakumbuka kila kitu. Ukiweka nywila leo ukaifuta kesho, ya leo bado imo kwenye historia, na yeyote aliyechukua nakala anayo. Likikutokea, usihangaike kwanza kufuta. Badilisha nywila dakika ileile, kusafisha historia kufuate baadaye.

Anwani za ndani za mtandao, zile zinazoanza na 192.168 au 10, hazina siri. Zimetengwa tangu miaka ya 1990 kwa mitandao ya ndani, nyumba yangu inazo, na ya jirani yako pia. Ya kuficha ni anwani yako ya nje. Kwenye mifano tumia zilizotengwa kwa ajili ya maandishi, kama 192.0.2.10 au 203.0.113.5, ambazo si za mtu yeyote duniani. Na jina la mtandao wa nyumbani lipe mkia wa home.arpa, uliotengwa mwaka 2018 kwa kazi hiyo hasa, ili mwanafunzi akinakili mfano wako asije akagonga kwenye mlango wa mtu.

Picha ndizo zinazowaponza watu. Picha ya simu huweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kwa hiyo zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera. Chini ya rauta kuna kibandiko chenye jina la Wi-Fi na nywila yake ya kiwandani; funika. Na kwa Lamu naongeza hili: usiionyeshe nyumba. Mji ule mtu akiona kipande cha nakshi au zidaka vya ukuta wa ndani anajua ni kwa fulani. Piga picha ya waya, taa za swichi, skrini, basi.

Halafu watoto wa watu. Majina ya wanafunzi, sura zao, hata majina ya akaunti zao kwenye kumbukumbu ulizonakili, hayo si yako kuyatoa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulika na data ya mtoto, na hata bila sheria, mzazi aliyekuletea mtoto Jumamosi hakukuruhusu umtangaze. Waite mwanafunzi wa kwanza, wa pili. Akitimiza miaka kumi na minane akataka jina lake liandikwe kwenye kazi aliyoifanya, mwandikie kwa fahari. Wafundishe pia mipaka yao tangu siku ya kwanza: programu za kupekua milango ya mashine wazitumie kwenye mashine zenu mbili tu. Kupenya kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2018, na udadisi hautakuwa utetezi.

Kuhusu kufungua seva ionekane kutoka nje, kwa sasa usifungue. Huenda hata huwezi, maana laini nyingi za nyumbani na za simu zinakaa nyuma ya anwani moja ya pamoja ya kampuni. Ukiona rauta imepewa anwani kati ya 100.64 na 100.127, ndiyo hiyo. Siku mtakayokuwa tayari tumieni WireGuard, njia ya siri ya kuunganisha mashine kupitia intaneti (VPN), ambayo tangu 2020 imo ndani ya kiini cha Linux. Mlango wa 22, ule wa SSH, ukiuacha wazi kwa dunia, ndani ya muda mfupi kumbukumbu zako zitajaa majina ya kubahatisha ya roboti. Hilo kaka yako yuko sahihi kabisa, na halihusiani na ulichoandika. Roboti hazisomi Kiswahili chako, zinagonga kila nyumba.

Mashine zako zinatosha. Kuna watu watakushauri ununue seva ya kabati kutoka kwa wauza mitumba, usinunue. Seva ya namna hiyo ikila wati 200 saa zote, kwa mwezi ni uniti 144 za umeme. Kompyuta yako ndogo ikiwa imetulia hula wati 15 hivi, karibu uniti 11. Ndani ya GB 16 hizo utaweka mashine pepe, kompyuta zinazoigizwa ndani ya kompyuta, nane au kumi za Debian ya amri tupu bila madirisha ya picha, kila moja na GB yake moja, na mwanafunzi akiiua yake unairudisha kwa dakika. Hiyo ndogo iwe ya kuvunjia. Laptop iwe ya kutumikia, kwa sababu betri yake ndiyo UPS yako wakati umeme unapokatika; ila iangalie kila mwezi, ikianza kuvimba iondoe, isilale nyumbani.

Adui wako hasa huko ni chumvi. Nimefungua kompyuta iliyokaa miaka miwili kwenye chumba kinachotazama bahari, nikakuta meno ya RAM yana ukungu wa kijani, mashine inawaka leo, kesho haiwaki, na mwenyewe ameshaambiwa anunue nyingine. Tulizima, tukachomoa waya, tukasugua meno yale taratibu kwa kifutio cha penseli, tukapangusa kwa kitambaa kikavu. Ikawaka. Kwa hiyo mashine iwe mbali na dirisha la kusi na kaskazi, na usiichomeke ndani ya kidaka hata kama ukubwa umelingana kama kwamba kilijengewa hiyo. Hewa haina pa kutokea, joto litaiua. Na kwa zile kuta zenu za mawe ya matumbawe na chokaa, Wi-Fi ikivuka chumba kimoja shukuru. Vuta waya. Andika hayo pia. Kwenye maelezo ya mtu wa Nairobi au wa Ulaya haya hayamo, na mtu wa Kilwa au wa Moroni ndiyo atakayoyatafuta.

Kwa bando, sakinisha apt-cacher-ng kwenye laptop: kifurushi cha Debian kikishashuka mara moja, mashine nyingine zote zinakichukua palepale ndani. Na mpe kila mwanafunzi huduma moja yenye watumiaji wa kweli. Kiwix, kwa mfano, inakuwekea Wikipedia ndani ya mashine, inasomeka bila intaneti. Mwanafunzi anayesimamia Kiwix inayotumiwa na wadogo zake kufanya kazi za shule atajua maana ya seva kulala kuliko nitakavyomweleza mimi.

Umesema hukupata maelezo ya Kiswahili. Mwalimu, hili ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu huu. Vijana wetu wengi wana akili ya kazi hii, lakini wanajifunza mambo mawili kwa pamoja, seva na Kiingereza, na wakishindwa la pili wanadhani wameshindwa la kwanza. Eleza kwa Kiswahili. Amri ziache zilivyo, na ujumbe wa kosa unakili herufi kwa herufi kama mashine ilivyoutoa, kwa sababu mwenzako atakayekwama atatafuta kwa maneno hayohayo. Yote yanayozunguka yawe ya kwetu. Mwanzoni mwa daftari weka kamusi yako ndogo, neno moja kwa kitu kimoja: kama ni nywila, iwe nywila hadi mwisho, usigeuke nenosiri katikati. Istilahi zetu nyingine ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Chelezo nililolitumia hapa, wafasiri wa programu wanaliita hivyo kwa nakala ya akiba, na mvuvi yeyote wa Shela anajua chelezo ni kile kinachoelea juu kukuonyesha mtego wako ulipo chini. Nikiwafundisha watu wa pwani neno hilo sihitaji kulieleza mara mbili.

Usisubiri mpangilio kamili. Anza na ukurasa wa ile diski. Halafu Jumamosi ijayo, kati ya wale wanne mchague ambaye hakuwepo siku mlipoweka chelezo, au aliyekuwepo akasinzia. Mpe mashine pepe tupu na ukurasa wako, mwambie ajenge mpaka faili iliyofutwa irudi. Wewe toka, kaa kwenye daka na chai yako, na kalamu. Usimjibu kitu. Kila swali atakalolipazia sauti kutoka ndani ni mstari uliousahau. Uandike kwa maneno yake, si yako, uutie pale ulipopungua. Ukimaliza nitumie ukurasa huo pamoja na maswali yake, hasa lile la kwanza.